Fura-2 imezeeka ila bado inatufaa

Siku hizi ukisema unapima kalsiamu kwenye seli hai kwa fura-2, ile rangi ambayo mng'ao wake unabadilika ikishika kalsiamu, watu wanakuangalia kama umetoka makumbusho. Kila mtu anataka GCaMP, ile protini inayong'aa ikishika kalsiamu, ambayo seli inaitengeneza yenyewe ukishaiingizia jeni. Na kweli ina mazuri yake, inadumu wiki hata miezi, unaichagulia aina moja tu ya seli, wakati fura-2, rangi ya akina Roger Tsien ya 1985, inavuja, seli inaitema, nyingine inajificha kwenye mitokondria na kukuharibia hesabu. Hapo sibishi.

Kinachonikera ni hii hoja ya kwamba rangi "inavuruga seli". Seli iliyotulia ina kalsiamu huru nanomola 100 hivi, rangi ndani inaweza kufika mikromola 50, yaani mara 500 ya kile unachokipima! Ukiishia hapo inatisha kwelikweli. Lakini hiyo ni ile iliyo huru tu jamani, kwa kila ioni huru kuna makumi mpaka mamia zimeshashikwa na protini za seli yenyewe, kwa hiyo rangi ni mshikaji mmoja zaidi kati ya wengi, mawimbi ya kalsiamu yatapungua kimo na yatachelewa kushuka, na ukipunguza dozi unaona tofauti wazi. GCaMP je? Nayo inashika ioni, mpaka nne kwa molekuli moja, tena imejengwa na kalmodulini, protini ileile seli inayotumia kuongoza milango yake ya kalsiamu, na imeshakutwa ikiingilia milango hiyo kwenye neuroni. Hilo wanalipita kimyakimya. (Rangi nazo sio malaika, zimeshakutwa zikidhoofisha pampu ya sodiamu na potasiamu.)

Halafu fura-2 unaimulika kwa mwanga wa nanomita 340 na 380, unagawanya mng'ao wa kwanza kwa wa pili, kwa hiyo seli ikiwa nene au imenyonya rangi kidogo haikusumbui sana. GCaMP ya kawaida unasoma mwanga mmoja, seli ikijisogeza tu grafu inaruka.

Mnyama wa kufuatiliwa miezi, mpe GCaMP. Seli za mgonjwa zilizotolewa asubuhi, kufikia jioni zimeshachoka, jeni utaingiza saa ngapi? Tia rangi, pima, ila uwe na TPEN karibu, kemikali ya kunasa zinki, maana fura-2 inang'ang'ania zinki kuliko hata kalsiamu.