Mayai Kumi, Kanzu Moja

Nilikuwa najiandaa kwa GRE, ule mtihani unaotakiwa na baadhi ya vyuo vya Marekani ukiomba shahada ya uzamili. Hesabu zake ni maswali 27 kwa dakika 47. Hata dakika mbili kwa swali hupati. Basi kila nilichokiona hapa Ngamiani, Tanga, nilikigeuza swali, mpaka nikawa kero.

Ijumaa moja shangazi akaniachia meza yake ya mayai ya kuchemsha.

"Uwe macho. Mdogo wako kachanganya mabichi mawili humo. Yote ni kumi."

Badala ya kuogopa, nikafurahi. Swali la uwezekano limekuja lenyewe, tena na chumvi na pilipili yake!

Akapita mzee anaelekea msikitini, kanzu nyeupe pe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nipe mawili. Yameiva?"

"Yote mawili kuwa yameiva ni nane ya kumi mara nane ya kumi, mzee wangu. Asilimia 64."

"Mimi nimeuliza mayai."

La kwanza nikaligonga ukingoni mwa meza: safi. La pili nikaligonga kwa mbwembwe zaidi. Ute ukaruka, kiini kikatua kifuani pa kanzu, kikaanza kuteremka taratibu, hakina haraka, kama mtu wa Tanga.

Hapo ndipo nikaliona kosa langu. La kwanza likishatoka halirudi, kwa hiyo la pili ni saba ya tisa! Jibu ni 28/45, kama asilimia 62. Nikamweleza mzee. Nadhani kelele zilianzia hapo.

Shangazi akaja mbio, akaomba radhi, kisha akayachukua yale manane, akayazungusha mezani moja moja kama pia. Saba yakazunguka vizuri, moja likapepesuka. "Bichi hili hapa." Kalamu hakushika.

"Haya, lete 5,000 ya kanzu ya watu."

"Shangazi, mimi nina hasi 3,000, nadaiwa dukani. Hasi 3,000 ni ndogo kuliko 5,000, sawa? Sasa ukizidisha pande zote kwa hasi moja, alama ya 'ndogo kuliko' inageuka 'kubwa kuliko'. Mimi nabaki na 3,000, wewe ndiye unayedaiwa 5,000."

"Inageuka?"

"Inageuka, shangazi. Ndiyo kanuni."

"Basi geuka na wewe," akasema, akiutafuta mwiko.