Malaika: huku unaandikwa, kwetu unaimbwa tu

Mswahili anayeishi Ujerumani hawezi kuukwepa wimbo wa Malaika. Kwaya ya mtaa ikiandaa tamasha la kiangazi, kwaya ya kanisa ikitafuta kitu cha Kiafrika, mwalimu wa muziki akifundisha watoto nyimbo za dunia, wote huishia hapo hapo. Baadaye hutafutwa mtu wa pwani au wa bara, yeyote anayejua Kiswahili, aje awasikilize matamshi. Wenzetu wengi wakitoka huko huja na vicheko: jamani, leo nimesikia Kiswahili cha ajabu. Sawa, tucheke. Ila tukimaliza tuziangalie na zile karatasi za noti walizoshika mkononi, maana hapo ndipo wenyeji wetu wanapotuzidi, na ndipo pia wanapotudhulumu bila kujua.

Kwanza historia, kwa ufupi. Fadhili William Mdawida, mtu wa Taita, aliurekodi Nairobi na kundi lake la Jambo Boys mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaurekodi tena mwaka 1963 katika studio ya Equator Sound ya Charles Worrod. Studio hiyo ndiyo iliyokuwa na akina Daudi Kabaka, Gabriel Omolo na Wazambia wawili, Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Miriam Makeba akauchukua, na mwaka 1965 ukatoka kwenye albamu aliyoimba na Harry Belafonte, albamu iliyoshinda Grammy mwaka uliofuata. Mwaka 1967 ukavuma Uswidi kwa sauti za Hep Stars, kundi ambalo mpiga kinanda wake, Benny Andersson, baadaye alikuwa mmoja wa ABBA. Usha Uthup akaupeleka India. Boney M. wakautoa mwaka 1981 chini ya prodyuza Frank Farian, wakaupa mdundo wa kuchezea. Angélique Kidjo wa Benin akaurekodi mwaka 1991 kwenye Logozo. Na hao ni wenye majina tu. Bendi za hoteli na kwaya za vijijini Ulaya hazina idadi.

Ukiniuliza ni upi nimpe mwalimu wa kwaya, nitampa wa Fadhili. Makeba ana sauti ambayo hakuna anayeifikia, lakini anazivuta noti kiasi kwamba kwaya ikimuiga hupoteza mwendo kabla ya kumaliza beti la kwanza. Fadhili anaimba kama anazungumza, na gitaa linamsubiri.

Kimuziki wimbo si mgumu. Kodi tatu za gitaa zinatosha: ukiupiga kwa D utahitaji D, G na A, basi. Kinachowashinda ni maneno, na makosa hayaji ovyo, yanafuata lugha ya anayeimba. Mjerumani na Mswidi wote huisoma j kama y yetu, kwa hiyo "nifanyeje" inakuwa "nifanyeye" na "kijana" anakuwa "kiyana". Mjerumani tena, akiona ng katikati ya neno, huitamka kama ile ya ng'ombe, hivyo "ningekuoa" inatoka "ning'ekuoa". Dawa yake ni kumgawia silabi: ni, nge, ku, o, a. Ziwe tano, na mkazo ukae kwenye o. Hapo kwenye o na a ndipo pa kukaza uzi zaidi, kwa sababu kwaya ikiimba haraka, irabu hizo mbili huyeyuka na kuwa "wa", na kijana aliyekuwa anasema angemuoa mpenzi wake sasa anasema angekuwa malaika. Hakuna anayegundua isipokuwa sisi tuliokaa viti vya nyuma. Lipo na lile la "hukuwaza kidege": waliojifunza Kiswahili kwa kitabu cha sarufi huona ni kanushi, eti kidege hakuwaza, ilhali ni "hu" ya mazoea, mtu anayemuwaza mwenzake kila siku. Kwa hilo kosa si la mwimbaji, ni la aliyeandika tafsiri chini ya noti.

Tafsiri hizo ndizo zilizofanya wimbo huu uimbwe kwenye ubatizo na kwenye matamasha ya Krismasi. Wameona malaika, wameona kidege, wakadhani ni bembelezi ya mtoto. Kwetu hata mtoto wa darasa la tano anajua ni kilio cha kijana asiye na mahari. Sioni kama ni dhambi kuuimba Krismasi, ila ukimweleza mwalimu wa kwaya kwamba huyo anayeimba amekwama kwa sababu ya pesa, uimbaji hubadilika palepale. Tabasamu hupungua na mwendo hutulia.

Sasa tuje kwenye karatasi. Ujerumani sheria hairuhusu kutoa fotokopi ya noti za muziki bila ruhusa. Kwaya ya watu 40 inanunua nakala 40, na kila nakala ina jina la mtunzi upande wa kulia juu, la mwandishi wa maneno upande wa kushoto, na la aliyezipanga sauti. Tamasha likifanyika, mwandaaji analitaarifu shirika la mirabaha, yaani malipo ya watunzi kazi zao zinapotumika, liitwalo GEMA, analipa kwa kadiri ya ukubwa wa ukumbi na bei ya kiingilio, kisha anawasilisha orodha ya nyimbo zilizoimbwa. Kutoka kwenye orodha hiyo shirika linajua nani apewe nini, na kama mtunzi ni wa nje, pesa hupitia kwa mchapishaji wake au chama cha nchi yake. Uingereza kazi hiyo ni ya PRS, Uswidi ni ya STIM. Ni urasimu, ndiyo, na makatibu wa kwaya huulalamikia sana, lakini unafanya kazi.

Unafanya kazi mpaka pale kulia juu panapoandikwa "trad." (kifupi cha traditional, yaani jadi) au "wimbo wa jadi, Kenya". Herufi hizo nne na nukta yake zina madhara kuliko matamshi yote mabovu ya Ulaya. Kazi ya jadi haina mwenyewe, kwa hiyo hakuna mtunzi wa kulipwa. Ila aliyezipanga sauti anaweza kuusajili mpangilio wake na akapokea fungu. Hakuna aliyeiba kwa makusudi: mchapishaji wa kitabu cha nyimbo aliusikia kwa kwaya nyingine, hakuona jina, akaandika jadi, na waliomfuata wakamnakili. Lakini Fadhili William alifariki Nairobi tarehe 11 Februari 2001, na kwa sheria ya Kenya hakimiliki ya mtunzi hudumu miaka 50 baada ya mwaka wa kifo. Hesabu mwenyewe, wimbo huu una mwenyewe mpaka mwisho wa 2051.

Kwa hiyo ukiitwa kusikiliza matamshi, omba kwanza kuona karatasi. Ukikuta jadi, mweleze mwalimu kabla programu haijapelekwa kuchapwa, si baada ya tamasha, maana orodha ya GEMA mara nyingi hunakiliwa kutoka kwenye programu. Aandike jina la wimbo, Fadhili William kama mtunzi, kisha jina la mpangaji. Kila kazi iliyosajiliwa ina namba yake ya kimataifa, inayoitwa ISWC. Ikiwekwa, hata jina likikosewa herufi kompyuta itaupata wimbo. Na kama kwaya inapandisha video mtandaoni na mfumo ukaleta dai la hakimiliki, wasilipinge kwa kusema ni wimbo wa jadi. Waliache.

Watu wa nyumbani huchanganya jambo moja, na huku pia wapo. Utunzi ni kitu kimoja, rekodi ni kitu kingine. Boney M. wakiuza Malaika yao, anayepaswa kulipwa kwa Nairobi ni mtunzi, si studio iliyomrekodi Fadhili. Ile rekodi ya 1963 hupata chochote pale tu inapopigwa yenyewe. Ndiyo maana ubishi wa nani aliutunga si porojo za vijiweni. Adam Salim, Mtanzania, alisema aliutunga mwaka 1945 akiishi Nairobi, baada ya mpenzi wake kuozwa mwanamume mwenye mali. Hadithi inaoana na maneno ya wimbo kupita kiasi, na wako wanaoiamini kabisa. Mimi naona madai hayo hayastahili kudharauliwa, kwa sababu Nairobi ya wakati ule nyimbo zilipita mdomo kwa mdomo na aliyewahi kipaza sauti ndiye aliyebaki na jina. Lakini shirika la mirabaha halilipi hadithi, linalipa jina lililosajiliwa, na kulibadilisha kunahitaji makubaliano au mahakama.

Kwetu je? Kwetu Malaika iko hai zaidi kuliko huku, hilo sina shaka nalo. Kwaya ya Kijerumani huufanyia mazoezi wiki na wiki, macho yote kwenye karatasi. Kwaya ya parokia yoyote ya Tanzania au Kenya huandikiwa solfa ubaoni, jioni moja wanaushika kwa sauti nne na mikono iko huru kupiga makofi. Bendi za hoteli za Diani, Nyali na Nungwi huupiga karibu kila usiku wageni wakiwa kwenye chakula: gitaa la solo, besi, ngoma, kayamba. Kwenye harusi mwimbaji mjanja huchomeka jina la bibi harusi na noti za pesa zinamwagika miguuni pake.

Ila muulize kiongozi wa bendi hiyo ya hoteli jana walipiga nyimbo gani. Hajui, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Hoteli hulipa leseni ya mwaka mzima kwa chama cha mirabaha, ikilipa. Pesa huingia kapuni bila orodha, na mgao hufanywa kwa vitu vinavyohesabika, hasa redio na televisheni. Wimbo unaopigwa kila usiku kando ya bwawa la kuogelea hauonekani popote. MCSK, chama cha mirabaha cha Kenya, kipo tangu 1983, kwa hiyo hatuwezi kusema mambo haya ni mageni. Miaka ya karibuni nguvu nyingi zimeishia kwenye mivutano ya leseni kati ya vyama na ofisi ya hakimiliki, KECOBO, na mwanamuziki amebaki mtazamaji.

Na si kweli kwamba kwetu haiwezekani. Mwaka 2022 Kenya ilibadilisha sheria ya hakimiliki ikaweka kwamba katika miito ya simu, yaani muziki anaousikia mpigaji akisubiri kupokelewa, msanii asipate chini ya asilimia 52 ya mapato. Sheria hiyo ina meno kwa sababu mtambo wa simu unahesabu kila mwito. Bendi ya hoteli haina mtambo, ina daftari. Safu tano zinatosha kwa kila usiku: tarehe, hoteli, jina la wimbo, mtunzi, umepigwa mara ngapi. Bendi inayopiga nyimbo 25 hujaza ukurasa mmoja, na siku hizi ni picha moja ya WhatsApp. Kazi kubwa ni kukilazimisha chama kiipokee orodha hiyo na kuitumia kwenye mgao, jambo ambalo wanachama wenyewe ndio wa kulidai kwenye mkutano mkuu.