Ukiguswa Unyayo, Si Taa

Kahawa ndiyo kwanza imemiminwa, simu inalia. Ujumbe wa sauti, dakika kumi na moja. Kumi na moja! Hata khutba ya Ijumaa hapa Ngamiani, Tanga, ina huruma kuliko hiyo. Ni mpwa wangu aliyeko Uingereza, kajiunga na timu ya kuogelea ya watu wazima, na bando linaloliwa ni langu. "Mjomba, shikamoo. Mjomba, hawa watu hawanipendi."

Marahaba. Hawakuchukii, mwanangu. Umewazibia njia.

Na nyie wengine mnaojiandaa kuondoka, sogeeni karibu, maana wiki ijayo mtanipigia nyie. Kijana wa Raskazone akishajua kupiga mbizi anaona bwawa litamfanya nini, bahari ndiyo iliyomlea. Kumbe bahari ilikuwa inambeba! Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, inakuinua hata ukiwa mvivu. Maji ya bwawa hayakujui wala hayaujui ukoo wenu. Halafu sisi tunaogelea kichwa juu, tuuone mtumbwi na tuyaone mayavuyavu. Kichwa kikipanda miguu inashuka, unajikokota kama nanga. Kule uso chini, macho kwenye mstari mweusi wa sakafuni, pumzi unaitolea majini mfululizo, mdomo unaugeuza kando kuvuta hewa tu. Mstari ukifanya herufi T, ukuta umebaki mita 2. Asiyejua hilo ukuta humjulisha wenyewe.

Bukta ya mifuko iache nyumbani, mifuko inajaa maji unavuta ndoo mbili. Kofia nunua ya silikoni, ile ya mpira mwembamba inang'oa nywele. Miwani ikishika ukungu, tema mate, suuza. Usisugue kwa kidole kwa ndani, utaikwangua dawa yake ya kuzuia ukungu. Oga kwa sabuni kabla ya kuingia: ile harufu inayowasha macho si klorini tupu, ni klorini iliyokutana na jasho na kile kingine ambacho kila mtu anasema si yeye.

Tufike kwenye kesi yenyewe. Njia moja kati ya kamba mbili, watu sita, mnazunguka kama ngamia wa kinu. Kwa Waingereza njia hii mnazunguka kufuata mshale wa saa, ya jirani kinyume chake, ili wanaokaribiana kando ya kamba waende upande mmoja, mikono isipigane ngwara. Kibao chenye mshale kimewekwa mwanzo wa njia. Mpwa wangu hakukisoma. Huyu ana digrii ya uhasibu.

Kocha kasema mita 100 mara kumi, kila dakika 2 na sekunde 15. Yaani ukitumia 1:55 unapumzika sekunde 20. Ukitumia 2:20 hupumziki hata chembe, unafukuzwa. Ukutani kuna saa kubwa, ina mshale mwekundu wa sekunde. Wa kwanza anaondoka mshale ukiwa juu kwenye 60, anayemfuata baada ya sekunde 5, wa tatu baada ya 10. Kwa hiyo wa tatu, kwa zile sekunde 15 za juu ya dakika mbili, anaondoka mshale ukiwa kwenye 10, safari ijayo 25, halafu 40, 55, kisha 10 tena. Hesabu ya muuza machungwa hiyo! Mhasibu wetu kaangalia saa, kaangalia watu, kaondoka wa kwanza. Mgeni, nani kakutuma? Mgeni anakaa mkiani. Huko nyuma maji yameshapasuliwa na wenzako, unavutwa bure.

Kwenye mita ya 60, akaguswa unyayo.

Sasa kwetu ukiguswa unyayo majini kuna mambo mawili: ama ni taa, yule samaki mwenye mwiba mkiani, ama si kitu cha kukitaja usiku. Kijana akarusha teke la kuokoa roho, akasimama wima katikati ya njia anasoma dua ya kuingia chooni, maana ndiyo iliyomjia ya kwanza. Nyuma watu wanne wamerundikana. Aliyemgusa ni bibi wa miaka sabini na ushei, pua imekuwa nyekundu kama tunda la damu, na ndiye anayeomba radhi! Hapo adabu ya Pwani ikampanda mpwa wangu. Akaamkia. Shikamoo, bwawani, kwa mtu asiyejua marahaba. Kisha akaona mkubwa hapitwi, akaweka mkono kifuani, akasogea kando ampishe, bibi tangulia, kama mlango wa msikiti. Kando kwenyewe ndiko wanakorudia wenzake. Akagongwa na huko.

Ee bwana! Kuguswa unyayo maana yake "naomba nipite". Basi. Husimami, hupigi teke, hugeuki kutazama ni nani. Unakwenda hadi ukutani, unajibana kwenye kona uliyofikia, katikati unapaacha maana ndipo wenzako wanapogeukia. Anapita, unahesabu sekunde 5, unamfuata. Bibi hataki heshima, anataka njia!

Dakika ya tisa anauliza, na samasoti ya kugeukia ukutani je? Achana nayo. Gusa ukuta, geuka, sukuma. Ukilala chali, bendera za juu ziko mita 5 kabla ya ukuta; hesabu mwenyewe mikono mingapi inakufikisha, usiazime hesabu ya mtu.

Wakimaliza wanakwenda kunywa kahawa, nawe nenda, urafiki wao uko mezani kuliko majini. Anasema alikwenda. Kwa bei ya kikombe kimoja cha kule, baraza hili zima linakunywa na chenji inarudi. Na kikombe chenyewe maziwa matupu, povu juu, hakuna tangawizi, hakuna kashata…

Kashata. Ilikuwa hapa, juu ya sahani, kabla sijaanza kusikiliza. Nani kala kashata yangu?