Mapajani mwa Baba Mkwe

Nilimpeleka baba mkwe wangu Cooperstown, mji mdogo wa jimbo la New York, nikiwa na nia moja tu: ajue kwamba binti yake hakuolewa na mbumbumbu. Tulikaa kwenye jukwaa la pembeni la uwanja wa Doubleday Field, ambako timu mbili za ridhaa zilikuwa zikicheza besiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo, nami nikasimama na bilauri ya soda mkononi, nikaupa mchezo mgongo na kuanza kuhutubu.

Nilimweleza kuwa mwaka 1907 tume moja ilitangaza kwamba mchezo huo ulibuniwa papo hapo Cooperstown mwaka 1839 na Abner Doubleday, kwa kutegemea kumbukumbu za mzee mmoja, ilhali mwaka huo Doubleday alikuwa mwanafunzi katika chuo cha kijeshi cha West Point, mbali na hapo. Kwamba wenyeji hawakujali hilo, wakageuza malisho ya ng'ombe kuwa uwanja na kucheza mechi ya kwanza mwaka 1920. Na kwamba jukwaa kuu la matofali lilijengwa mwaka 1939 chini ya mpango wa serikali wa kuwapatia kazi wasio na ajira. Baba mkwe, ambaye ni mfugaji, alishika jambo moja tu.

"Na ng'ombe wenyewe walipelekwa wapi?"

Swali hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Nilikuwa bado natafuta jibu la heshima watu walipopiga ukelele. Nikageuka na kuuona mpira umetoka nje ya mstari, ukubwa wa chungwa, ukija upande wetu. Niliruka. Kwetu baba mkwe hata kiti hamkaribiani, lakini mimi nilitua mapajani mwake, soda yote ikamwagikia kanzu nyeupe aliyoipiga pasi mwenyewe asubuhi, na vipande vya barafu vikamteremkia kifuani. Mpira uliangukia safu ya tatu mbele yetu, ukadunda kwenye benchi, mtoto mdogo akauokota.

Nilikawia pale kuliko ilivyopasa, maana sikujua mtu huondokaje kwa adabu mapajani mwa baba mkwe. Yeye alitoa kipande cha barafu kolani, akakitazama, akakitupa.

"Huyo Doubleday ulisema alikuwa wapi?"

"West Point, baba."

"Alifanya vyema."