Mchanga wa Makueni na mipaka ya ugatuzi

Mto wa msimu katika Makueni, kaunti kame ya kusini-mashariki mwa Kenya, ukiutazama wakati wa kiangazi utadhani umekufa. Maji yamo, ila yamejificha chini ya mchanga, na wenyeji huyafukua kwa mikono na kata. Ndiyo maana lori linalosomba mchanga kwenda kujenga maghorofa ya Nairobi huondoka pia na maji ya kijiji. Kwa miaka mingi biashara hiyo ilikuwa ya mabavu, na watu waliuawa kwa sababu yake. Serikali kuu haikuonyesha haraka. Jiji lilihitaji mchanga, na kisima kilichokauka hakikuwa cha mtu wa jijini.

Mwaka 2015, miaka miwili tu baada ya serikali 47 za kaunti kuanza kazi nchini Kenya, Makueni ilijitungia sheria ya kuhifadhi mchanga na kuunda mamlaka ya kuusimamia. Watetezi wa ugatuzi, yaani kuhamishia kaunti madaraka na fedha za serikali kuu, hawahitaji mfano bora kuliko huu. Wanakumbuka waraka wa sera Nambari 10 wa 1965, ulioelekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yenye rutuba na mvua, kwa imani kwamba faida ingewafikia wengine baadaye. Sehemu kame zilisubiri hiyo baadaye karibu nusu karne. Katiba ya 2010 iligeuza meza: angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa lazima iende kwenye kaunti. Mgao ulikuwa takriban shilingi bilioni 190 mwaka wa fedha 2013/14; kufikia 2024/25 ulikuwa bilioni 387. Chini ya Gavana Kivutha Kibwana, Makueni ilianzisha mpango wa afya ambapo kaya ililipa shilingi 500 kwa mwaka, na wananchi wakaulizwa kuanzia vijijini wanataka mradi gani.

Wapinzani nao hawasemi ovyo. Sehemu nono ya mgao huishia kwenye mishahara na marupurupu, wakandarasi wanadai kaunti madeni yaliyolimbikizana, na magavana wa Kiambu na Nairobi waling'olewa mwaka 2020 kwa tuhuma za matumizi mabaya ya mamlaka na fedha. Ulaji uliokuwa Nairobi, wanasema, umefunguliwa matawi. Madaktari walipogoma siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, mgonjwa alishuhudia serikali kuu na za kaunti zikisukumiana lawama.

Hoja ya wizi, kwa maoni yangu, ina uzito mdogo kuliko inavyodhaniwa. Wizi ulikuwapo kabla ya magavana, na angalau sasa mwizi anaishi karibu na anaowaibia. (Tukubali pia kwamba mara nyingi Hazina ya Kitaifa huchelewesha mgao miezi kadhaa, kisha kaunti zikaambiwa hazijui kutumia fedha.) Udhaifu unaonisumbua ni mwingine, nao uko palepale mtoni.

Sheria ya mchanga ilipatikana kwa sababu anayeumia na anayetunga sheria wako upande mmoja wa mpaka. Mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti anaomba kura kwa watu wanaochota maji mtoni humo. Lakini mpaka wa kaunti mto hauujui. Mto Athi hupokea maji ya Mto Nairobi pamoja na majitaka ya jiji, hupita Machakos, ndipo ufike Makueni. Bunge la kaunti mjini Wote, makao makuu ya Makueni, likae usiku na mchana, haliwezi kumtoza faini hata senti moja mwenye kiwanda kilichoko Nairobi. Naye gavana wa Nairobi hapati kura Makueni, basi ana sababu gani ya kutangulizia mabomba ya majitaka fedha ambazo zingetia lami barabara za wapigakura wake? Mchanga nao ni vivyo hivyo: Makueni ikifunga mto, mahitaji ya wajenzi hayapungui, na dereva wa lori anaweza kutafuta mto wa kaunti ya pili.

Pale mito ya Athi na Thwake inapokutana, serikali kuu inajenga bwawa kubwa kwa ufadhili wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ujenzi ulioanza 2018. Kusudi mojawapo ni kuwapa maji safi wakazi wa Makueni na Kitui. Maji yatakayojaa humo, mengi yake yatakuwa yamepitia kaunti ambazo wakazi hao hawachagui viongozi wake.