Ramani za zamani za reli za Uingereza na Ireland: ipi iaminiwe?

Anayefuatilia stesheni ya zamani ya Uingereza au Ireland hukutana na mashahidi wawili wasiosema lugha moja. Wa kwanza ni ramani ya Ordnance Survey, idara ya serikali ya upimaji, ya kipimo cha 1:2,500, ambapo sentimita moja ya karatasi ni mita 25 za ardhi. Wa pili ni michoro ya makutano ya reli iliyoanzishwa na John Airey katika miaka ya 1860, ambayo baadaye ilichapishwa na Railway Clearing House. Ofisi hii iliundwa mwaka 1842 ili kugawa mapato ya safari zilizopita kwenye reli za kampuni zaidi ya moja. Wengi humwamini wa kwanza na kumdharau wa pili, eti kwa sababu kona zake zimenyooshwa na umbo lake halifanani na ardhi. Dharau hiyo si ya haki.

Mchoro wa Airey ni daftari la hesabu lililotiwa rangi. Kila kampuni ina rangi yake, na kati ya makutano na makutano umeandikwa umbali wa kufuata reli yenyewe, kwa maili na cheni. Fedha ziligawanywa kwa umbali huo, kwa hiyo kosa la cheni chache lilikuwa hasara ya mtu, na makarani wa kila upande walikuwa na sababu ya kuukagua. Makosa ya leo mara nyingi ni ya msomaji: anakuta 4 na 37 zimeandikwa pamoja, anasoma maili 4.37. Maili moja ni cheni 80, na cheni moja ni mita 20.12. Jibu ni kilomita 7.18, wala si 7.03. Tofauti ya mita 150 inatosha kukuacha ukitafuta tuta la reli ng'ambo isiyo yake ya mto.

Lakini mchoro huo hautakuambia jukwaa lilikuwa upande gani, na majina yake yana mitego. Bodmin Road, kule Cornwall, ipo karibu kilomita 5 kutoka mji wa Bodmin. Abiria alishuka hapo akashika barabara. Tangu 1983 inaitwa Bodmin Parkway. Mjini Dublin, ukitafuta Kingsbridge, Amiens Street au Westland Row kwenye ratiba za leo hutazipata: mwaka 1966 ziligeuka Heuston, Connolly na Pearse.

Kwa stesheni yenyewe, basi, Ordnance Survey haina mpinzani. Utaona ukingo wa jukwaa, daraja la waenda kwa miguu, ghala la mizigo, duara la kugeuzia injini, hata S.B. ya kibanda cha ishara na S.P. ya mlingoti wa ishara. Tatizo lake kubwa ni tarehe. Soma pembezoni mwa karatasi, uchukue mwaka wa kupima au kusahihisha, usichukue ule wa kuchapa. Masahihisho yalipishana kwa takriban miaka 20, na tawi dogo la reli liliweza kujengwa na kung'olewa katikati bila kuonekana kwenye karatasi yoyote. Ramani za zamani za inchi moja kwa maili ndizo hatari zaidi: reli ilichongwa juu ya bamba la shaba la kale, na mwaka wa awali ukaachwa pale pale. Unaona reli ndani ya mwaka ambao hapo palikuwa malisho. Na ramani za kwanza za inchi sita za Ireland, zilizotoka 1833 hadi 1846, karibu hazina reli kabisa. Reli ya kwanza huko, ya Dublin hadi Kingstown, ilifunguliwa Desemba 1834, ramani hizo zikiwa tayari zimeanza kutoka. Kutokuwepo kwenye karatasi si ushahidi.

Ukizilaza ramani hizi juu ya picha ya setilaiti, tegemea zitahama kwa mita kadhaa. Kaunti zilichorwa kwa meridiani tofauti, yaani mistari tofauti ya kaskazini-kusini ya kuanzia, na karatasi husinyaa. Zipatanishe kwa vitu vitatu au zaidi vilivyosimama tangu hapo, kama kona za kanisa au nguzo za daraja. Usitumie ukingo wa barabara, barabara hupanuliwa.

Kitu kimoja kinazishinda ramani zote mbili kwa mtazamo wa haraka: kimo. Stesheni ya Harcourt Street, Dublin, ilifunguliwa 1859, ikafungwa siku ya mwisho ya 1958, na sehemu kubwa ya njia yake ikarudi kazini 2004 kwa tramu ya Luas. Kwenye ramani, ukuta wake wa mwisho ni mstari mwembamba tu kati ya reli na Hatch Street. Tarehe 14 Februari 1900 treni ya ng'ombe kutoka Enniscorthy ilishindwa kusimama, ikautoboa ukuta huo, na injini ikabaki ikining'inia juu ya mtaa. Reli ilikuwa ghorofani. Ili kuligundua hilo mezani, fuata vimistari vya mteremko pembeni mwa njia, kisha tafuta barabara inayopita chini ya reli na usome namba ya kimo iliyoandikwa karibu na B.M., alama ya kudumu ya kimo, iliyo jirani.