Ufunguo Anao Muuzaji

Nilipohamia Marekani kutoka Kenya nilibeba diski zangu za filamu, zote halali, zilizonunuliwa kwa jasho langu. Nikatia ya kwanza kwenye mashine niliyoikuta huku: ikagoma. Ya pili vivyo hivyo. Skrini ikaniambia diski ile si ya eneo hili. Ndipo nikajua kwamba wenye DVD waliigawa dunia vipande: Marekani na Kanada ni eneo namba 1, sehemu kubwa ya Afrika ni namba 5. Mimi nilipewa viza, diski zangu zikanyimwa.

Wanasema kufuli hili la kidijitali limewekwa kumzuia mwizi wa kazi za wasanii, nami simtetei mwizi. Msanii anayeimba kisha akakuta kazi yake inanakiliwa na kuuzwa na watu asiowajua ana kila sababu ya kulia, na kwetu wamelia sana. Lakini kufuli halijui kumtofautisha mwizi na mwenye mali. Tena mwizi halimsumbui, maana nakala anayoipata yeye imeshafunguliwa na wenzake. Linayemkwamisha ni yule aliyelipa.

Cha ajabu, kwa maandishi nchi hii inampa mtumiaji haki pana kuliko kwetu. Sheria yao ya hakimiliki ya mwaka 1976 inatambua matumizi ya haki, yaani kutumia kazi ya mwingine kwa kiasi bila kumwomba ruhusa, na haiyafungii kwenye orodha; mahakama hupima kusudi la matumizi, aina ya kazi, kiasi kilichochukuliwa na athari yake sokoni. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba kurekodi kipindi cha televisheni nyumbani ili ukitazame baadaye si kosa. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 ilikuja na orodha fupi: utafiti, matumizi binafsi, uhakiki, taarifa za habari. Msomaji wa sheria angeniambia nimehamia peponi.

Kisha unakutana na sheria ya 1998, ile wanayoiita DMCA. Hiyo inakataza kulipita kufuli lenyewe, na inakataza kuuza au kusambaza chombo cha kulifungulia. Mwaka 2001 kesi ya programu ya kufungua DVD ilifika mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko New York. Majaji wakasema matumizi ya haki hayampi mtu dhamana ya kunakili kwa njia aipendayo yeye. Anayetaka kipande cha filamu anaweza, kwa mfano, kuielekezea kamera skrini inapocheza. Nilisoma mara mbili nikidhani ni mzaha. Haki unayo, ila uichungulie dirishani.

Nasi tuna marufuku ya namna hiyo hiyo katika sheria yetu. Tofauti naiona kwenye maisha. Nyumbani simu iliyofungwa kwa mtandao mmoja unampelekea fundi, na kabla hujamaliza kueleza shida anakurudishia ikiwa wazi. Huku jambo hilo lilifika hadi Bunge la Congress! Kila miaka mitatu Maktaba ya Congress hutangaza ni makufuli gani yanaruhusiwa kupitwa na kwa shughuli ipi. Mwanzoni mwa 2013 ruhusa ya kufungua simu mpya ikakoma, watu wakapiga kelele, na mwaka 2014 ikabidi itungwe sheria kuirudisha. Mtu mzima anasubiri Bunge ili atie laini nyingine kwenye simu aliyoinunua.

Vitabu ndivyo vinavyoniuma zaidi. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu vya kidijitali, na vitabu ambavyo wateja walikuwa wamevilipia vikaacha kufunguka. Walirudishiwa pesa, kweli. Lakini muuza vitabu akifunga duka, anaingiaje chumbani kwangu kunyang'anya rafu? Jibu lao ni kwamba hukununua kitabu, ulipewa leseni tu. Basi kwa nini kitufe kiliandikwa "nunua"? California angalau imewalazimisha wauzaji, tangu 2025, kumwambia mteja wazi kwamba anachopata ni leseni. Ni hatua ndogo, naipokea, ingawa kuambiwa nimefungiwa si sawa na kufunguliwa.

Mwaka jana nilitaka kumpa dada yangu aliye nyumbani kitabu nilichokimaliza. Programu ikakataa kukiazimisha. Nikajaribu kumnunulia chake: hakipatikani katika nchi yake. Nikaacha kubishana na mashine, nikanunua cha karatasi na kumpa msafiri akibebe. Dada alikisoma kwa siku nne, akampa jirani, jirani akampa mwanawe aliyeko chuoni. Juzi nilimuuliza kiko wapi, akacheka. Hajui kimefika kwa nani.